Hongereni, Wauguzi wa Watoto Njiti

Kwa miaka mingi mama wa mtoto njiti aliambiwa asubiri nje hadi hali ya mwanawe itulie. Utafiti uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ukachapishwa 2021, ulionyesha kuwa kumweka kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa takriban robo. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake 2022. Lakini mwongozo haumfungi mtoto khanga. Ni muuguzi anayetafuta nafasi ya kitanda cha mama, anayetuliza hofu ya maambukizi, anayekagua pumzi kila mara. Hongereni, hasa ninyi wa zamu ya usiku, mnaoyafanya haya mkiwa wachache, wodi imefurika.