Kanyagio Lililozama: Uchambuzi wa Breki katika Mteremko wa Mombo

Barabara itokayo Lushoto kwenda Mombo ina urefu wa takriban kilomita 33, nayo humshusha msafiri kiasi cha mita 1,000, kutoka kwenye baridi ya milima ya Usambara hadi kwenye joto la tambarare, kwa kona nyingi ambazo upande mmoja zina ukuta wa mwamba na upande wa pili zina genge. Katika barabara hiyo, asubuhi moja ya mwezi wa Julai, tulipokwisha kuipita Soni, mpwa wangu, aliyekuwa akiliendesha gari lake dogo lenye watu wanne na magunia mawili ya viazi, aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, ili mama yake aliyekaa nyuma asisikie: "Mjomba, breki hazishiki." Nilitazama mguuni pake nikaona kanyagio limezama mpaka sakafuni.

Gari lilisimama salama, na namna lilivyosimamishwa yastahili kuelezwa kwa utaratibu wake, maana kila tendo lilikuwa na sababu. Kwanza, mpwa wangu aliliachia kanyagio akalikanyaga tena upesi upesi mara tatu au nne, kwa kuwa kila mkanyago husukuma mafuta mengine katika mirija, na breki iliyolegea yaweza kupata nguvu kidogo kwa dakika ile, akaipata. Kisha alitoka gia ya 4 akaingia ya 3, na alipohisi injini imelishika gari akaingia ya 2, akiiachia klachi taratibu ili magurudumu yasije yakaserereka. Injini ikanguruma kwa mngurumo uliomshtua dada yangu, lakini mngurumo ule ndio uliokuwa salama yetu, kwa sababu injini ya petroli ambayo dereva ameondoa mguu wake kwenye kanyagio la mafuta huacha kulivuta gari, ikageuka mzigo unaoburuzwa na magurudumu, ikihangaika kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa. Breki ya mkono, ambayo katika gari lile huvutwa kwa waya wala haina haja ya mafuta, ilivutwa kidogo kidogo huku kidole gumba kikikibana kitufe chake, ili iachiwe mara tu magurudumu ya nyuma yatakapotaka kukwama. Ama ufunguo haukuguswa kabisa, kwani kuizima injini kungeufanya usukani kuwa mzito na kuinyima breki msaada wa ombwe litokalo injinini. Hatimaye gari lililengwa upande wa mwamba, si upande wa genge, likapanda juu ya kifusi cha changarawe likatulia, nasi tukashuka kutia mawe nyuma na mbele ya magurudumu.

Baada ya nusu saa kanyagio lilikuwa limepanda juu, gumu kama la gari jipya. Hapa ndipo madereva wengi hudanganyika: huona breki zimerudi, husema palikuwa na shetani wa njiani, huendelea na safari bila kufungua hata boneti. Ilhali kurudi kule ndiko ushahidi wenyewe. Laiti mrija ungekuwa umepasuka, kanyagio lisingerudi kamwe, na mafuta yangeonekana yakidondoka. Na laiti pedi ndizo zilizoshindwa kwa moto, kanyagio lingebaki juu na gumu, gari likakataa tu kupunguza mwendo. Kanyagio linalozama likiwa na moto na kupanda likipoa husema neno moja tu, nalo ni kwamba mafuta ya breki yalichemka.

Kuchemka huko kuna hesabu yake. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likishuka mita 1,000 hutoa nguvu ya jouli karibu milioni 15, na lau nguvu hiyo yote ingegeuka moto, ingetosha kuyachemsha madumu mawili ya lita 20 ya maji ya baridi mpaka yatokote. Upepo na injini huchukua fungu lao, illa dereva anayeshuka kwa gia ya 4, mguu ukiwa umelalia breki tangu juu, hulipeleka fungu kubwa la moto huo katika diski mbili za mbele, ambazo kila moja haizidi sana sahani ya kulia wali. Moto hutoka kwenye diski ukapita katika pedi, ukafika kwenye pistoni, ukayakuta mafuta yaliyo nyuma yake. Na kadiri pedi ilivyolika ndivyo njia ya moto inavyokuwa fupi. Mafuta yakichemka hufanya mvuke, na mvuke, tofauti na maji au mafuta, hukubali kubanwa. Nguvu yote ya mguu wa dereva, ambayo ilikuwa isafiri mpaka gurudumuni, huishia kuviminya vipovu.

Nionavyo mimi, jina lenyewe limewapoteza wengi. Tunaita mafuta ya breki, na mtu wa kwetu akisikia mafuta hufikiri kitu kinachokataana na maji, kama samli au mafuta ya taa. Kitu hiki sicho hicho. Aghalabu kimetengenezwa kwa glikoli, ambayo huyavuta maji, hata ule unyevu wa hewa unaopenya polepole kupitia mipira na mfuniko wa kikopo chake. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya digrii 230, lakini yakishanyonya maji yapata asilimia 3.7, kima chake cha chini hushuka hadi digrii 155; na yale ya DOT 3 hutoka digrii 205 hadi 140. Gari huwa ni lile lile, dereva yule yule na mlima ule ule, na mwaka huu gari likashuka salama, mwaka ujao lisishuke. Upotovu wa jina hilo una madhara mengine pia, kwani nimewahi kumwona mtu akijazia kikopo cha breki oili ya injini, ambayo huivimbisha mipira ya pampu mpaka ikaharibika yote.

Kosa la pili lilikuwa la mguu, nalo mpwa wangu alilikiri bila kuulizwa. Gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, na breki hukanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi kisha huachiwa ipumue, wala hailaliwi. Gari la otomatiki nalo lina alama ya 2 au ya L kwa ajili hiyo hiyo. Wako wanaoshuka kwa gia huru wakidai wanaokoa petroli; dai hilo ni batili katika magari ya siku hizi, maana injini inayosukumwa na magurudumu hukatiwa petroli, lakini iliyoachwa huru haina budi kunywa ili isizimike.

Tulifika Mombo kwa gia ya 2 na mwendo wa kobe, tukampata fundi chini ya mwarobaini. Alitusalimu, akafungua kikopo, akachovya kitambaa cheupe, kikatoka na rangi ya kahawa. "Mzee wangu, haya hayajabadilishwa siku nyingi," akaniambia. Mpwa wangu akajibu kwamba tangu alinunue gari, miaka mitano iliyopita, amekuwa akiongeza tu. Kumbe kule kupungua kwa mafuta alikokuwa akikufunika kulikuwa habari aliyoletewa: pedi zikilika, pistoni husogea mbele na mafuta hushuka katika kikopo. Fundi alipovua gurudumu la mbele tulikuta pedi nyembamba kama sarafu.

Alitia pedi mpya, akayanyonya mafuta ya zamani kikopono, akamimina mapya kutoka chupa aliyoivunja muhuri mbele yetu, kisha akaanza kutoa upepo kwenye gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na pampu. Alichomeka mpira mwangavu katika skrubu ndogo ya kutolea upepo, ncha ya pili ikiwa imezama chupani. Alikuwa akisema "Kanyaga," mpwa wangu akikanyaga. "Shika hapo," naye akifungua kwa spana. Na kabla mguu haujaachia, alikuwa amekwisha kufunga, ili hewa isirudi ndani. Mpirani yalipita kwanza mafuta meusi, halafu vipovu, halafu mafuta ya rangi ya asali changa yasiyo na kipovu hata kimoja. Hakuliacha gurudumu mpaka aione rangi hiyo, na kila baada ya mikanyago kumi aliongeza kikopo kisije kikakauka. Magurudumu manne yalichukua pungufu ya saa moja.

Mwisho akaandika tarehe kwenye kipande cha plasta, akakibandika juu ya mfuniko, akasema baada ya miaka miwili turudi, hata kama breki zinashika. Mwezi uliofuata tulikwenda Lushoto tena tukashuka na mzigo ule ule wa viazi, gia ya 2 tangu Soni, na tulipofika Mombo kanyagio lilikuwa juu kama lilivyokuwa tulipoondoka.