Mkaa, Makaa ya Mawe na Metali za Alkali

Kutoka Kilosa hadi Mikumi uchomaji wa mkaa si jambo geni. Mwaka 2012 ulianza wilayani humo mradi wa mkaa endelevu ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa MJUMITA. Mfasiri anayewaandikia watu wa huko huwaandikia wajuzi wa kazi yenyewe.

Tumepitia tafsiri moja iliyokusudiwa wasomaji hao, isemayo: "Madini ya alkali huyeyuka na kutoka katika mkaa unapopashwa moto." Sentensi ni fupi, lakini ina makosa matatu.

Kwanza, mkaa. Matini ya asili ilihusu kile kinachochimbwa Ngaka na Kiwira, yaani makaa ya mawe. Mkaa hutokana na miti. Tofauti si ya jina tu: katika miti potasiamu ndiyo nyingi, ilhali katika makaa ya mawe sodiamu ndiyo aghalabu hutoka kwa wepesi, kwani sehemu kubwa ya potasiamu imefungamana na udongo wa mfinyanzi uliomo.

Pili, madini. Sodiamu na potasiamu ni metali. Ofisa wa wilaya akisoma "madini" atauliza leseni ya uchimbaji iko wapi, na hatakuwa na kosa.

Tatu, kuyeyuka. Samli huyeyuka juani: yabisi huwa kiowevu. Linalosemwa hapa ni kugeuka mvuke. Mvuke huo ndio unaoganda juu ya mabomba ya boila na kuyala. Aliyeambiwa "huyeyuka" atautafuta ubaya huo chini ya tanuri, si juu yake.

Madhara ya makosa haya ni dhahiri. Mchoma mkaa wa Kilosa ataamini kwamba tanuri lake la udongo hupoteza alkali. Kumbe joto lake, ambalo kwa kawaida ni la nyuzi 400 hadi 500 hivi, halitoshi. Potasiamu iliyo nyingi hubaki ndani ya mkaa, na mkaa ukishateketea, sehemu kubwa huonekana katika majivu.

Twapendekeza basi: "Makaa ya mawe yapashwapo moto mkali, sehemu ya metali za alkali zilizomo hutoka ikiwa mvuke, ama zenyewe ama katika chumvi zake." Ni ndefu zaidi, lakini haimdanganyi mtu.