Waitikiaji Ndio Nusu ya Dua

Msomaji wa pwani aliyelelewa na vina na mizani, akiisikia slufay ya Wairaqw kwa mara ya kwanza, huenda akasema hapana shairi hapo. Hakuna kina cha kati wala cha mwisho, wala mizani ya kuhesabu kwa vidole. Mzee husimama mbele ya waliokusanyika, pombe ya mtama ikipita mkono hata mkono, akatoa mstari baada ya mstari; na kila mstari hupokewa na umati uitikiao kwa pamoja. Huombwa mvua, uzazi, mifugo na amani, na maradhi hutakiwa yatoke katika nchi. Huombwa kwa Lo'a, mungu wa kike ambaye Wairaqw humhusisha na jua. Ndiyo dua ya nchi ya Dongobesh, katika njia itokayo Mbulu kwenda Haydom, na ya vilima vinavyoizunguka.

Hata hivyo slufay ina kanuni yake, nayo imo katika kule kuitikia. Katika shairi la pwani kibwagizo ni mali ya mshairi. Yeye hukitunga na yeye hukirudia. Katika slufay jibu ni mali ya wengine. Wakinyamaza, maneno ya mzee hubaki maneno ya mtu mmoja. Kwa hiyo mhariri achapaye sauti ya kiongozi peke yake na kulikata itikio kwa kuliona ni marudio, huwa amechapa nusu ya utungo.

Jambo hili si geni visiwani. Katika kilinge cha ngoma ya pepo, fundi huweza kuwa na mkoba uliojaa dawa na ujuzi wa miaka mingi, lakini pasipo waimbaji na wapiga makofi hapana ngoma. Mgonjwa huletwa mbele ya watu wake, nao huimba na kucheza naye hadi alfajiri. Ngoma hiyo haiondoi uvimbe mwilini, wala haifai kudai hivyo. Inachoondoa ni upweke, nao pia ni maradhi.

Lakini uhakiki usioishia katika sifa hauna budi kuuliza: ni nani asiyekuwamo katika duara la waitikiaji? Wairaqw hao hao walikuwa na desturi ya meta, iliyoitenga nyumba iliyofikwa na msiba kama kufiwa na mtoto au kuharibikiwa mimba. Watu wake hawakula na jirani wala hawakukaa katika mikusanyiko. Desturi hiyo imefifia sana, lakini funzo lake kwa msomaji wa slufay halijafifia: duara lililomwombea mama uzazi ndilo lililomfungia mlango uzazi ulipoharibika. Majirani zao Wadatoga walikuwa na jawabu jingine. Kwao wanawake hukusanyika wenyewe kumwimbia Udameselgwa, mungu wa kike, hasa pale uzazi unapokuwa na shida. Mwenye kufikwa hapo hatengwi; ndiye sababu ya wimbo.

Penina Muhando alilitia swali hilo jukwaani katika Nguzo Mama, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1982. Wanawake wa Patata wanataka kuisimamisha nguzo ya kijiji, nayo haisimami. Kila mmoja anavutwa na nyumba yake, na Bi Msimulizi anatusimulia kwa maneno na nyimbo. Wapo walioisoma kama lawama kwa wanawake wasioungana. Usomaji huo haukitazami kile kinachowavuta. Kinachowavuta ni kazi: mume, watoto, chakula, na kazi hiyo haina ujira wala likizo. Nguzo haisimami kwa kuwa walioombwa kuiinua tayari wamebeba nyumba nzima mgongoni.

Hapa ndipo fasihi inapokutana na saratani. Makadirio ya mwaka 2020 yalitaja wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waliopata saratani ya mlango wa kizazi katika mwaka mmoja. Chanjo ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018. Nyuma ya kila mgonjwa yupo mwingine asiyehesabiwa: binti aliyeacha shule, dada aliyefunga genge lake, mama mzee anayefua mashuka usiku. Utafiti humwita pale unapotaka majibu, kisha humsahau. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayekijua kitanda hicho baada ya mgonjwa ni huyu auguzaye.

Tanzania iliwahi kuonyesha njia nyingine. Huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walishirikiana na wanakijiji kuyachunguza matatizo yao kwa ngoma na maigizo. Wanakijiji hawakuwa watazamaji wa jawabu lililoletwa. Walilitafuta na kulicheza wao. Njia hiyo ingeeleweka upesi Dongobesh. Mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza jinsi Wairaqw walivyozoea kuvuka mipaka ya kabila kutafuta waganga kwa majirani. Hivyo hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa Haydom mwaka 1955 iliwakuta watu waliokwisha kujua kwamba dawa hufuatwa mbali. Hawakuhitaji kufundishwa kutafuta tiba. Wanastahili kuulizwa tiba iwakute vipi.

Hatari ipo, nayo isifichwe. Ngoma ikikodiwa kuvuta watu waje kupimwa, kisha wakafungiwa nje ya uamuzi, itakuwa itikio la kulipiwa. Kuitikia kwa kweli kuna uwezo wa kunyamaza: umati usioridhika na mstari wa mzee huweza kuuacha uanguke. Utafiti usiompa anayeuguza uwezo huo wa kukataa, wa kubadili swali, na wa kulipwa kwa muda wake, haujamshirikisha, hata ukipigwa ngoma kutwa.

Slufay, basi, isisomwe kama salio la kale la watu wa milimani. Ni utungo unaodai kwamba neno jema halitimii mpaka lipate wa kulipokea, na kwamba mpokeaji ni mtunzi pia. Katika nyumba yenye mgonjwa, yule anayefua mashuka usiku amekuwa akiitikia siku zote. Linalobaki ni wengine kumsikia.