Kuunganisha si Kuhusisha: Maoni juu ya Istilahi za Programu za Marejeo

Zipo istilahi ambazo zikikosewa huleta kicheko tu, na zipo ambazo zikikosewa hupoteza kazi ya mtu. Makala haya yanahusu za aina ya pili. Yamezuka kutokana na karatasi ya mafunzo, iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye kueleza matumizi ya programu za kompyuta za kupangia marejeo, mfano wa Zotero na Mendeley. Karatasi hiyo ilimfikia mwalimu mmoja wa Kanyenye, mjini Tabora, aliyekuwa akikusanya maandishi juu ya historia ya mji wake na njia ya misafara.

Yafaa kwanza tueleze kazi ya programu hizi. Mtumiaji huipa programu namba ya utambulisho wa kitabu au makala, nayo huleta yenyewe jina la mwandishi, anwani ya andiko, mwaka, jarida na kurasa. Hizo ndizo taarifa za utambulisho. Wengine huziita metadata, nasi hatuna ugomvi nao. Karatasi ilikiita kitendo hicho “kuagiza” taarifa. Hapa mtafsiri ameshika neno la forodhani akalipeleka maktabani. “Kuingiza” latosha.

Kosa zito limo mbele yake. Programu ina vitendo viwili tofauti. Cha kwanza huchukua rekodi mbili za andiko moja, zilizoingia mara mbili kwa bahati mbaya, na kuzifanya rekodi moja. Cha pili huziacha rekodi mbili zilivyo, ila huweka alama kwamba hii ina uhusiano na ile. Karatasi iliviita vyote viwili “kuunganisha”.

Mwalimu wetu alikuwa na rekodi mbili za maisha ya Tippu Tip, ambaye baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi Tabora. Moja ilikuwa ya chapa ya Heinrich Brode, iliyotoka Berlin mwaka 1902 na 1903, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Ya pili ilikuwa ya W. H. Whiteley, Kiswahili na Kiingereza, iliyotolewa kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959. Masimulizi ni yale yale, lakini chapa ni mbili, na kurasa ni mbali mbali. Karatasi ikamwambia aunganishe maandiko yanayohusiana, akaunganisha. Rekodi ya Berlin ikaenda katika pipa la taka, na maelezo aliyokuwa ameyaandika chini yake yakahamia chini ya Whiteley. Tangu siku hiyo kila aliponukuu ukurasa wa Brode, tanbihi yake ilimtaja Whiteley. Mwalimu hakukosea: alitii neno aliloandikiwa.

Wapagazi waliopita Tabora wangalimcheka mtafsiri huyu. Wao walikuwa na mzegazega, yaani mti wa begani wenye mzigo huku na mzigo huku. Mizigo miwili husafiri pamoja, na kila mmoja hubaki na kamba yake na mwenyewe. Kumimina shehena mbili katika gunia moja ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo twapendekeza “kuunganisha” libakie kwa kufanya rekodi mbili kuwa moja, na kitendo cha pili kiitwe “kuhusisha”. Wako watakaosema “kufungamanisha”. Ni neno zuri, ila lamchosha mtu anayetafuta kitufe.

Hata kuhusisha kwenyewe kwataka hadhari. Katika Zotero alama ya uhusiano haisemi ni uhusiano gani: chapa mbili, tafsiri, au jina limefanana tu. Kanyenye ya Tabora siyo Kanyenye ya Ugogo, aliyopita Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 kabla ya kufika Unyanyembe. Na mji wenyewe wa Tabora, Burton na Speke waliuandika Kazeh. Kwa hiyo atafutaye “Kanyenye” hupata mahali pasipo pake, na atafutaye “Tabora” hukosa palipo pake. Mashine hailijui hilo. Sharti mtu aliandike kwa mkono wake katika nafasi ya maelezo.

Limebaki lile la “jina la ukoo”, ambalo karatasi imelibandika kwenye kisanduku cha jina la kupangia waandishi. Wengi wetu jina letu la mwisho ni la baba au la babu, si la ukoo. Mtu akiulizwa la ukoo kwa unyofu ataandika jingine kabisa, na vitabu vyake vitagawanyika pande mbili za orodha. Mashine nayo ina ukaidi wake. BibTeX, iliyotoka mwaka 1985, ikipewa Hamed bin Muhammed el Murjebi bila mkato, humwona Murjebi kuwa ndiye jina, na “bin Muhammed el” ikayafanya viambishi vitupu, baba wa mtu akiwamo. Ikipewa Tippu Tip, humwandika chini ya T kama Bwana Tip, na jina la utani likawa nasaba. Kisanduku hicho kiitwe “jina la kupangia”, na mwandishi aachiwe kuchagua.

Mwalimu wa Kanyenye ameirudisha rekodi ya Berlin kutoka pipani, kwani ilikuwa bado haijafutwa. Maelezo yake hayakurudi nayo. Hivi sasa ameziweka chapa zote mbili mezani, akilinganisha ukurasa kwa ukurasa.