Mashapo: Istilahi Moja kwa Mambo Mawili

Istilahi mashapo imezoeleka kwa miamba iliyotokana na vitu vilivyotuama. Hapo hatuna ugomvi nayo. Tatizo huzuka inapotwikwa pia maana ya kile ambacho mto ungali unakichukua. Shapo ni kitu kilichokwisha kutua. Mto Manonga, kule Shinyanga, hukauka miezi mingi. Kisha mvua moja kubwa huja na kuusomba kwa saa chache mchanga uliolala tangu msimu uliopita. Mwendo huo wa ghafla hauelezeki kwa neno la utuamo.

Huko Geita kosa ni zito zaidi. Wachimbaji wadogo wanalo neno lao, marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, ambao mara nyingi huwa na zebaki. Mvua ikiusomba hadi kijitoni, na mpimaji akaandika "mashapo" tu, zebaki imefichwa na neno. Tusisahau mwaka 2017, makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yalipoitwa "mchanga" magazetini, kana kwamba ni mchanga wa kujengea!

Twapendekeza mashapo yabaki kwa kilichotua, mzigo wa mto kwa kinachochukuliwa, na marudio yasanifiwe kwa maana ileile ya wachimbaji.