Kafara, Fidia na Osotua: Uhakiki wa Msamiati wa Dhabihu na Msamaha

Mahubiri ya Kikristo katika Kenya hutolewa kwa Kiswahili mahali pengi ambapo Kiswahili si lugha ya kwanza ya mhubiri wala ya msikilizaji. Kitengela ni mfano ulio dhahiri. Mji huu wa Kajiado, ulio kando ya barabara iendayo Namanga, umekua kwa kasi tangu ranchi ya jamii ya Kitengela ilipogawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988, na tangu viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje vilipoanzishwa jirani, huko Athi River, katika miaka ya 1990. Mmaasai, Mkamba, Mkikuyu na Mluo huketi benchi moja kanisani, na kinachowaunganisha ni Kiswahili. Kwa hiyo neno alichagualo mhubiri si pambo. Ndilo liamualo msikilizaji ataondoka na imani gani.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno yanayobeba fundisho la dhabihu na msamaha, na kuyalinganisha na neno moja la Kimaa. Dai letu ni kwamba msamiati uliozoeleka mimbarini umeigeuza dhabihu kuwa bei na msamaha kuwa stakabadhi, hali maandiko yenyewe, pamoja na desturi ya wenyeji wa Kajiado, yanaelekeza kwenye jambo jingine: kuurudisha uhusiano uliokatika, na kukirudisha kilichochukuliwa.

Tuanze na dhabihu. Neno hili, lililoenezwa na Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, limetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuchinja, na ni ndugu wa neno la Kiebrania zebah. Katika sheria ya Walawi, sadaka ya amani ilikuwa karamu: mafuta yaliteketezwa, kuhani akapata fungu lake, na nyama iliyobaki ikaliwa na mtoaji na watu wake. Dhabihu hiyo ilikuwa kula pamoja mbele ya Mungu. Lakini katika Kiswahili neno hili ni la kitabuni tu. Hakuna achinjaye mbuzi wa harusi au wa mgeni akasema ametoa dhabihu. Msikilizaji hubakia na damu bila meza, na kifo bila ushirika.

Pengo hilo limejazwa na kafara, na hapa ndipo tatizo lilipo kubwa zaidi. Kwa asili kafara ni istilahi ya sheria ya Kiislamu. Mwenye kuvunja kiapo hutakiwa kuwalisha maskini kumi, au kuwavika, au kumwacha huru mtumwa; akishindwa, hufunga siku tatu. Tuangalie nani anatoa na nani anapokea. Anayetoa ni mkosaji mwenyewe, na anayenufaika ni mnyonge. Shina la neno hili ni lile lile la Kiebrania lililozaa jina la Siku ya Upatanisho. Basi kwa nasaba yake neno lilistahili heshima.

Matumizi ya leo yamelipindua. Mtu akitajirika ghafula, husengenywa kuwa amemtoa kafara mwanawe au nduguye. Mtumishi mdogo akifukuzwa ili mkubwa wake asalimike, husemwa kuwa ametolewa kafara. Katika maana hizi mbili mkosaji hatoi chochote chake. Hutolewa asiye na hatia, na anayenufaika ni mwenye nguvu. Mhubiri anaposema kwamba Kristo alitolewa kafara kwa ajili yetu, huku akiwa hakufafanua, msikilizaji ana haki ya kuuliza: alitolewa na nani, na ni nani aliyetajirika? Mwanafalsafa Mfaransa René Girard, katika vitabu vyake vya 1978 na 1982, alishikilia kwamba Injili zinatofautiana na visa vingine vya kafara kwa kuwa zinatangaza waziwazi kutokuwa na hatia kwa anayeuawa, na hivyo kuufichua uongo wa umati. Tukilikubali wazo hilo, msalaba ni hukumu juu ya desturi ya kutoa watu kafara, wala si mfano wake ulio bora.

Neno la tatu ni fidia. Biblia ya 1952 inalitumia katika Injili ya Marko, sura ya 10, na halina kosa kwa tafsiri. Lakini katika Kajiado fidia ni neno la ardhi: ndilo linalosikika barabara inapopanuliwa na reli inapopita. Aliyelipwa fidia hana dai tena. Amepewa chake, naye aondoke. Fikra ya malipo haikuzuliwa Kitengela. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alieleza kwamba mwanadamu alikuwa na deni la heshima kwa Mungu, deni asiloweza kulilipa. Gustaf Aulén wa Uswidi alimpinga mwaka 1930, akisema kwamba fundisho la kale zaidi la Kanisa lilikuwa la Mungu mwenyewe kuzishinda nguvu zilizomfunga mtu. Mjadala huo haujakwisha, lakini msikilizaji wa Kiswahili hupewa upande mmoja tu, kwa kuwa neno limekwisha kuamua.

Yapo pia ya kusifiwa. Watafsiri wa 1952 walipofika katika Waraka kwa Warumi, sura ya 3, walichagua upatanisho. Tuliangalie umbo lake: kupata, kupatana, kupatanisha. Ndani yake mna kauli ya kutendana na kauli ya kutendesha: kuwafanya wawili wapatane. Na Paulo hasemi popote kwamba Mungu alipatanishwa na mwanadamu. Kila mara mwanadamu ndiye anayepatanishwa na Mungu. Mwenye kudai ndiye aliyeanza kumwendea mdaiwa. Sarufi ya Kiswahili inalibeba fundisho hili kwa ukamilifu kuliko kafara na fidia zikiwekwa pamoja.

Hapa Kimaa kina la kutufunza. Osotua ni kiungamwana, ule uzi umfungao mtoto na mamaye. Kisha ni kifungo cha watu wawili wanaopeana kwa haja bila kuhesabiana. Kisha ni amani. Watafsiri wa Biblia ya Kimaa walilichukua kwa maana ya Agano. Agano letu limetokana na kuagana, yaani kupeana maneno, na kitenzi hicho hicho pia ni cha wanaoachana njiani. Osotua haina njia panda hiyo. Padre Vincent Donovan, Mmarekani aliyefanya kazi miongoni mwa Wamaasai wa Loliondo, Tanzania, alieleza katika kitabu chake cha 1978 jinsi mate ya baraka yalivyokuwa kwao msamaha wenyewe, wala si alama yake tu. Na hata fidia ya mauaji, ambayo kwa desturi ya Wamaasai hutajwa kuwa ng'ombe 49, haikusudii kuwatenganisha waliokosana. Inakusudia kuziwezesha koo mbili kuishi tena pamoja.

Msomaji atauliza kama tunataka kuiondoa damu katika Waraka kwa Waebrania. La, hasha. Tunalotaka ni kuukumbuka utaratibu kamili. Katika Walawi, mwenye kumdhulumu jirani hakuruhusiwa kuleta sadaka ya hatia kabla ya kurudisha kilichochukuliwa na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Na Injili ya Mathayo inamtaka mtoaji aiache sadaka yake madhabahuni, akapatane kwanza na nduguye.

Sharti hili ni zito katika Kajiado. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao, Laikipia ikiwamo, na kesi yao ya 1913 ilitupwa bila madai yao kusikilizwa kwa undani. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta aliwaambia walowezi huko Nakuru kwamba pande zote zisameheane na kusahau. Kauli ilikuwa ya kutendana, lakini mzigo ulibebwa na upande mmoja: aliyepoteza alisamehe, na aliyechukua alibaki nacho. Msamaha wa namna hiyo hauna tofauti na kafara ya maana mpya.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi zetu zizitenge wazi maana za kafara, ile ya sheria na ile ya uchawi na siasa, na kuonyesha jinsi ya pili ilivyoipindua ya kwanza. Pili, wanaowafundisha wahubiri wa kesho walipe upatanisho nafasi iliyotwaliwa na fidia. Mwanafunzi akishajua kwamba kupatana hakuwezi kutendwa na mtu mmoja, atakuwa amekwisha kuingia katika theolojia, hata kama alidhani bado yumo katika somo la vitenzi.