Kutafuta Nako ni Kazi

Wengi wanaijua Mpumudde, pale Jinja, kwa sababu ya Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyefia hapo mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni Ushelisheli. Mimi leo naitaja kwa ajili ya mafundi magari. Malori yanayotoka Mombasa na kuvuka mpaka Malaba au Busia hupita Jinja kabla ya kuvuka Naili kuelekea Kampala, na barabara kama hiyo haikosi gereji. Chini ya boneti za huko Kilusoga, Kiluganda na Kiswahili hupokezana spana. Ufundi ninaousifu si ule wa kushusha injini. Ni ule wa kuisoma taa ya onyo iliyowaka baada ya mwenye gari kulihudumia mwenyewe nyumbani.

Chukua kazi iliyo nyepesi kabisa: kubadilisha filta ya hewa. Vumbi la murram huiziba upesi, na kuibadilisha hakuhitaji zaidi ya bisibisi. Mtu anafungua boksi, anatoa filta chafu, anaweka mpya, anafunga. Siku chache baadaye, kwenye dashibodi, inawaka ile taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini. Mwingine hapo hukimbilia duka la spea. Fundi wa kweli huuliza kwanza: mara ya mwisho uligusa wapi?

Swali hilo limebeba elimu kubwa. Katika magari mengi, karibu na boksi la filta kuna sensa yenye waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita huupoza, na kompyuta ya gari hujua kiasi cha hewa kwa kuangalia umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Kisha hutoa petroli kwa kipimo: gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Sasa mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye injini ukirudishwa vibaya, au klipu yake isipokazwa, hewa nyingine hupenya baada ya sensa bila kuhesabiwa. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huiona oksijeni iliyosalia na kutoa taarifa. Kompyuta huongeza petroli, ikaongeza tena, mpaka ikafika kikomo chake. Hapo ndipo inapowasha taa na kuandika msimbo wa hitilafu P0171, yaani hewa imezidi petroli.

Mwenye pupa akiona hivyo hununua sensa mpya ya oksijeni. Amemwadhibu shahidi kwa kusema kweli! Pesa zimekwenda, mwanya uko palepale.

Fundi ninayemsifu huanza kwa mkono. Anaushika mpira huo, anaufuata kutoka kwenye boksi hadi kwenye injini, anaukunja kidogo kutafuta mpasuko, anatega sikio kusikia mluzi wa hewa. Anazima swichi, kisha anaisukuma soketi ya sensa ya hewa mpaka isikike ikijifunga, kwa maana soketi iliyoingia nusu huweza kuonekana imeingia yote. Sijui kazi nyingine ya gereji inayodai unyenyekevu kama huu, wa kukubali kwamba huenda kosa ni la mkono uliopita hapo, na kifaa chenyewe ni kizima.

Hata asiye na mashine ya kupimia ana njia. Toyota nyingi za zamani zilizotoka Japani zina soketi ya matundu 16 chini ya usukani. Waya mfupi ukiunganisha tundu la 4 na la 13, kisha swichi ikawashwa, taa yenyewe huanza kuhesabu: inamweka mara mbili, inatulia, inamweka mara tano. Huo ni msimbo 25, wenye maana ileile: hewa imezidi petroli. Anayefanya hivyo lazima awe na uhakika wa matundu yake, kwa kuwa lile la 16 lina umeme wa betri muda wote. Taa nyekundu ya oili ni habari nyingine kabisa: hiyo haisubiri kuhesabiwa, zima injini papo hapo.

Ufundi huu hautakufa na petroli. Kiira Motors, ambao chimbuko lao ni gari la umeme la Chuo Kikuu cha Makerere la mwaka 2011, wamejenga kiwanda cha mabasi huko huko Jinja. Basi la umeme halina filta ya hewa ya injini, lakini lina waya na soketi tele, na mkono wa kuzirudia utahitajika vilevile.

Linalonikera ni kuona tunavyowalipa watu hawa. Fundi akibadilisha kifaa, tunatoa pesa bila neno. Akitafuta saa nzima, akakaza klipu moja na gari likapona, tunamwambia hajafanya kitu. Ndiyo maana wengine hujifunza kuuza spea badala ya kufikiri, au kufuta msimbo ili taa izimike mpaka mteja afike kwake. Hitilafu ikiondoka kweli, kwa kawaida taa hujizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na tatizo. Hakuna haja ya kuifuta kwa haraka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda gereji mweleze fundi kila ulichogusa, bila kuficha. Na akikurudishia gari bila kifaa kipya hata kimoja, mlipe saa yake yote.